Istilahi za Kupiga na Kuchakata Picha za Nebula: Funzo Kutoka Kyela

1. Chanzo cha makala haya

Ofisi yetu hupokea maswali mengi kutoka kwa walimu wa sayansi. Aghalabu muulizaji huomba neno moja tu, nasi humjibu kwa barua ya mistari michache. Lakini mwalimu mmoja wa fizikia wa shule ya sekondari wilayani Kyela alituletea ombi la namna nyingine. Alikuwa na kurasa kumi na mbili za maelezo, katika lugha ya kigeni, juu ya kupiga picha za nebula kwa kamera ya kawaida. Alitaka zifasiriwe kwa Kiswahili ili wanafunzi wa chama cha nyota cha shule yake wazifuate wenyewe usiku, pasipo yeye kusimama kando yao akifasiri kila sentensi. Tulizifasiri. Kisha, mwezi Juni, tulikwenda Matema, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuona zinavyotumika.

Yatupasa tukiri tangu mwanzo kwamba tafsiri yetu ya kwanza iliharibu kazi ya usiku mmoja mzima. Maneno yote tuliyoyatumia yalikuwa ya Kiswahili, na sarufi haikuwa na kosa. Hata hivyo wanafunzi walifanya yale tuliyoandika, wala siyo yale tuliyokusudia. Makala haya yanaeleza makosa hayo na jinsi tulivyoyasahihisha, kwa kuwa tunaamini mfasiri wa kitabu cha kilimo au mwongozo wa hospitali huweza kuangukia makosa yaleyale.

Wasomaji watakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete na watu wengi wakakusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, katika mkoa huohuo wa Mbeya. Siku hiyo hapakuwa na haja ya kuunda neno. Kupatwa kwa jua ni maneno ya siku nyingi, na onyo la kutolitazama jua kwa macho matupu liliweza kutolewa kwa Kiswahili ambacho kila mtu alikielewa. Kwa nebula hali si hiyo. Kitu chenyewe hakionekani bila chombo, na kazi ya kukipiga picha haijapata msamiati uliozoeleka.

2. Kitu kilichopigwa picha

Nebula iliyochaguliwa na mwalimu yule si miongoni mwa zile zinazotajwa kila siku. Katika orodha za wanafalaki inajulikana kwa namba IC 2944, yaani namba 2944 katika orodha ya nyongeza iliyotungwa na Dreyer, ambayo sehemu yake ya pili ilitolewa mwaka 1908. Iko katika kundinyota la Kantarusi, karibu na nyota iitwayo Lambda Centauri, si mbali na Salibu. Umbali wake ni takriban miaka ya nuru 6,500. Mwaka wa nuru, tukumbushane, si kipimo cha wakati. Ni mwendo ambao nuru huenda kwa mwaka mmoja, yaani kilomita zipatazo trilioni 9.46. Wapenzi wa nyota wa nchi za nje wameipa nebula hii jina la Kuku Anayekimbia, kwa umbo lake. Mwezi Desemba 2023 ilitolewa picha yake iliyopigwa kwa darubini ya VST iliyoko Paranal, nchini Chile, yenye nukta zipatazo bilioni 1.5.

Kwa mtu wa Kyela nebula hii ina faida moja kubwa. Kyela iko karibu nyuzi 9.5 kusini ya Ikweta, kwa hiyo IC 2944 hupanda hadi nyuzi 36 hivi juu ya upeo wa kusini. Wapigapicha wa Ulaya ya kaskazini hawaioni kamwe. Mtu akisimama Matema, Milima ya Livingstone humziba upande wa mashariki, lakini kusini yametanda maji, na juu ya maji hakuna taa za mji. Katikati ya Mei nebula hufika kileleni kama saa 3 kasoro robo usiku, ila mvua za Kyela huwa hazijakatika. Katikati ya Juni, kiangazi kikiwa kimeanza, huwa imekwisha fika kileleni wakati giza linapoingia, na mpigapicha ana saa mbili au tatu nzuri kabla haijashuka mno.

Usiku unaofaa ni ule usio na mbalamwezi. Ni usiku uleule wanaoutafuta wavuvi wa usipa, ambao huwavuta samaki kwa taa. Zamani taa hizo zilikuwa za karabai. Siku hizi nyingi ni za umeme wa betri. Hivyo mpigapicha na mvuvi hutoka kwa kalenda moja, na neno giza kwa wote wawili ni neno la kazi.

3. Je, ni wingu, ukungu au nebula?

Utaratibu wa kuunda istilahi unajulikana kwa wasomaji wetu. Kwanza hutafutwa neno katika Kiswahili chenyewe, kwa kupanua maana, kunyambua au kuambatanisha. Likikosekana hutafutwa katika lugha nyingine za Kibantu, kama tulivyopata ikulu kutoka Kinyamwezi na ng'atuka kutoka Kizanaki. Hatimaye ndipo tunapokopa kutoka lugha za mbali na kulitohoa neno kulingana na matamshi yetu.

Kwa kufuata utaratibu huo, tafsiri yetu ya kwanza ilitumia ukungu wa nyota. Tulikuwa na sababu nzuri. Neno nebula lenyewe ni la Kilatini na maana yake ni ukungu au wingu. Tena Ziwa Nyasa lenyewe lilionekana kutuunga mkono. Nyakati fulani za mwaka nzi wadogo huibuka kutoka ziwani kwa mamilioni, wakapanda angani kwa nguzo ndefu ambazo kwa mbali hudhaniwa kuwa moshi. Watu wa kando ya ziwa huwanasa, huwaponda na kuwafanya mikate ya kitoweo. Katika Kichewa, upande wa Malawi, ukungu huitwa nkhungu, na nzi hao pia huitwa kwa jina hilohilo. Basi Wabantu wa ziwani walikuwa wamekwisha panua maana ya ukungu kabla yetu: kitu kionekanacho kama ukungu kwa mbali, kumbe kwa karibu ni chembe zisizo na idadi.

Hoja hiyo ilitupendeza sana tulipokuwa ofisini. Ufukoni haikudumu hata saa moja. Katika ukurasa wa nne wa mwongozo mlikuwa na maagizo mawili yanayofuatana. La kwanza lilisema: "Hakikisha ukungu uko katikati ya picha." La pili lilisema: "Futa ukungu kwenye lenzi kila baada ya nusu saa." Mwanafunzi aliyekuwa akisoma alinyamaza, akarudia kusoma, kisha akauliza: "Samahani, Mwalimu, tuuweke au tuufute?" Wenzake walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Mpigapicha wa usiku ana ukungu wa kweli wa kupambana nao, unaotua kwenye lenzi na unaotanda juu ya ziwa. Neno wingu lina kasoro hiyohiyo, maana mwongozo hauwezi kumwonya mtu kwamba mawingu yakifunika mawingu asipige picha.

Kwa hiyo tunapendekeza neno nebula likubaliwe. Linatamkika, linafuata ngeli ya nyumba bila taabu (nebula hii, nebula hizi), na limekwisha anza kutumika katika maandishi ya Kiswahili. Ukungu libaki kuwa neno la kufafanulia: mwalimu aweza kusema kwamba nebula ni kama ukungu wa gesi na vumbi baina ya nyota, kisha akaendelea na nebula.

4. Aina tatu za nebula

Kukopa jina la kitu hakutupi ruhusa ya kukopa sifa zake zote. Hapa ndipo tafsiri huweza kufundisha au kupotosha, kwa kuwa aina za nebula hutofautiana kwa jinsi zinavyohusiana na nuru.

Aina ya kwanza ni ile ya IC 2944. Ndani yake mna nyota changa zenye joto kali mno. Mionzi ya urujuanimno ya nyota hizo hung'oa elektroni katika atomu za haidrojeni; elektroni zinaporudi mahali pake, gesi hutoa nuru yake yenyewe, hasa nyekundu ya urefu wa wimbi wa nanomita 656. Hii ni nebula itoayo nuru.

Aina ya pili haitoi nuru yake. Vumbi lake hurudisha nuru ya nyota jirani, kama ukuta mweupe unavyorudisha nuru ya taa. Mfano wake umo katika Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima na mabaharia wetu wamelijua tangu kale. Mwaka 1912 mwanafalaki wa Marekani Vesto Slipher alichunguza nuru ya nebula iliyoko huko, akakuta inafanana na nuru ya nyota zenyewe. Hii ni nebula iakisiyo nuru.

Aina ya tatu hujulikana kwa kile inachokificha. Ni vumbi zito linaloziba nuru ya nyota zilizo nyuma yake. Karibu na Salibu kuna doa jeusi kubwa linaloonekana kwa macho matupu, ambalo kwa lugha za Ulaya limepewa jina la mfuko wa makaa. Sisi tunapendekeza Gunia la Mkaa, kwa kuwa mkaa kwetu hutiwa guniani na kila asafiriye kwa barabara ameuona. Hii ni nebula izibayo nuru. Hata ndani ya IC 2944 mna vibonge vidogo vyeusi vya aina hii, vilivyogunduliwa mwaka 1950 na mwanafalaki A. D. Thackeray akiwa Afrika Kusini.

Wapo watakaosema kwamba itoayo nuru ni maneno mawili na kwamba istilahi nzuri ni fupi. Tulifikiria viambatano vya neno moja, kwa mfano wa kipimajoto na kipazasauti. Lakini viambatano hivyo ni majina ya vyombo, na sisi tunahitaji sifa inayokubaliana na nomino: nebula itoayo nuru, nebula zitoazo nuru. Kirejeshi cha mwisho wa kitenzi hufanya kazi hiyo tangu zamani.

Tena historia ya nebula yenyewe inatuonya tusiwe na haraka ya kuzaa maneno. Tarehe 29 Agosti 1864 Mwingereza William Huggins alipitisha nuru ya nebula moja katika chombo cha kuichambua, akaona mistari michache ming'aavu badala ya upinde kamili wa rangi. Hivyo alithibitisha kwamba nebula ile ilikuwa gesi. Lakini baina ya mistari hiyo ilikuwamo ya kijani ambayo hakuna elementi iliyojulikana duniani iliyoitoa. Wataalamu walidhani wamepata elementi mpya, nayo ikapewa jina la nebuliamu. Mwaka 1927 Ira Bowen wa Marekani alieleza kwamba mistari ile hutolewa na oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, katika gesi nyembamba kupita yoyote iliyoweza kutengenezwa maabara. Nebuliamu haikuwapo kamwe. Neno lilikuwa limeandikwa na kufundishwa, nacho kitu hakikuwapo.

5. Maneno ya kupiga picha

Nuru ya nebula ni hafifu mno, na hukusanywa kwa kungoja. Daktari Henry Draper wa Marekani, aliyekuwa wa kwanza kupiga picha ya nebula, tarehe 30 Septemba 1880, aliiacha sahani yake ikipokea nuru ya nebula ya Jabari kwa dakika 51. Wanafunzi wa Kyela walitumia kamera ya dijitali na lenzi ya milimita 135, kwa dakika 2 kila picha.

Wakati huo wa kungoja tuliuita katika tafsiri yetu muda wa kufichua, tukifuata kamusi. Agizo lilisomeka: "Fichua kwa dakika 2." Mwanafunzi alivua kifuniko cha lenzi, akaangalia saa yake, akangoja dakika mbili kamili, kisha akabonyeza kitufe kwa muda wa kufumba na kufumbua. Alikuwa amefichua, kama alivyoambiwa. Sasa tunaandika muda wa kupokea nuru. Maneno haya yanasema ni nini kinachopokea na ni nini kinachopokelewa, na hayamtumi mtu kwenye kifuniko.

Katika dakika 2 dunia nayo huzunguka, kwa kadiri ya nyuzi 15 kwa saa, na nyota huvuta mkia kwenye picha. Kwa hiyo kamera hufungwa juu ya chombo kinachogeuka taratibu kinyume cha mzunguko wa dunia. Wanafunzi wenyewe walikuwa wakikiita kifuatanyota, nasi hatukuona sababu ya kutafuta jina lingine. Mhimili wake hauna budi kuelekezwa kwenye ncha ya kusini ya mbingu, ambayo kwa Kyela iko nyuzi 9.5 tu juu ya upeo, na jirani yake hakuna nyota kubwa ya kuonyesha mahali. Huko chini ndiko uliko utusitusi wa ziwa na mwanga wa taa za wavuvi. Kazi hiyo peke yake ilitugharimu saa nzima.

Chombo cha kuruhusu rangi moja na kuzuia nyingine tunakiita kichujio, na hapa hatuna la kueleza zaidi, maana aliyechuja tui jikoni anaelewa. Izingatiwe tu kwamba kamera nyingi za kawaida zina kichujio cha kiwandani mbele ya kihisi chao, ambacho huzuia sehemu kubwa ya wekundu wa haidrojeni. Ndiyo sababu nebula itoayo nuru huonekana hafifu katika kamera ambayo hupiga picha nzuri za watu.

6. Maneno ya kuchakata

Katika studio zetu za picha, tangu enzi za filamu, watu wamesema kusafisha picha kwa maana ya kuitoa picha kutoka kwenye filamu hadi kwenye karatasi. Ni neno zuri, nalo lingali likitumika kwa kuchapisha picha za simu. Lakini katika mwongozo wetu tulilitumia kwa kila kitu kilichofanyika kwenye kompyuta, na wanafunzi wakadhani picha zilikuwa chafu. Tunapendekeza kusafisha libaki kwa kazi yake ya studio, na kazi ya kompyuta kwa jumla iitwe kuchakata, neno lililokwisha zoeleka katika kuchakata mkonge na kuchakata takwimu. Kuchakata ni kupitisha malighafi katika hatua zake hadi itoe kilichomo ndani.

Hatua ya kwanza inahusu doa-doa za rangi zinazotapakaa kwenye picha ya gizani, ambazo hutokana na kihisi chenyewe na pia na uchache wa nuru. Katika lugha za kigeni huitwa kwa neno la makelele, nasi tulifasiri vivyo hivyo: "Punguza kelele kabla ya kuendelea." Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliuliza kwa sauti ya chini kama kompyuta inasikia. Mwalimu akatuambia: "Ndugu zangu, kitu hiki hapa kwetu kina jina. Televisheni isiposhika vizuri tunasema ina chenga." Tuliona haya, maana hata sisi nyumbani husema hivyo. Kyela ni nchi ya mpunga. Chenga za mchele kila mtu anazijua. Neno lilikwisha panuliwa maana na watazamaji wa televisheni, bila kikao chochote.

Hata hivyo tahadhari moja inahitajika. Chenga za mchele huondolewa kwa kuzichagua, lakini chenga za picha haziondolewi moja moja. Hupigwa picha nyingi za kitu kilekile, zikalinganishwa nyota kwa nyota, kisha hutafutwa wastani wa kila nukta. Nuru ya nebula iko palepale katika kila picha, ilhali chenga hubadilika mahali; kwa hiyo wastani huibakiza nuru na kuzififisha chenga. Upungufu huo hufuata kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha 16 huzipunguza chenga hadi robo, picha 49 hadi sehemu moja ya saba, picha 100 hadi sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo tuseme kupunguza chenga, tusiseme kuondoa chenga, kwa kuwa haziishi. Kazi yenyewe ya kuweka picha juu ya picha tunapendekeza iitwe kutabakisha, kutokana na tabaka. Wanafunzi walisema kupanga, lakini kupanga kuna maana nyingi mno, ikiwamo ile ya kuweka picha kwa tarehe.

Sasa tufike kwenye kosa lililotugharimu usiku. Pamoja na picha za nebula, mpigapicha hupiga nyingine lenzi ikiwa imefunikwa kabisa, kwa muda uleule na katika joto lilelile. Picha hizo huonyesha kasoro za kihisi peke yake, ili kasoro hizo zitolewe katika picha za nebula. Sisi tuliziita picha nyeusi. Usiku wa pili zilipigwa 20, kama ilivyoagizwa. Asubuhi, kijana aliyekabidhiwa kadi ya kumbukumbu alipitia picha zote ili kupata nafasi, akakuta 20 ni nyeusi tii. Alizifuta zote, kisha akaja kutuarifu kwa fahari: "Shikamooni. Zile zilizoungua nimekwisha zitoa." Katika Kiswahili cha studio picha nyeusi ni picha iliyoungua, nayo haifai kitu. Kijana hakukosa, alifanya kama ambavyo fundi yeyote mwangalifu angefanya. Neno letu ndilo lililomwambia kwamba picha zile ni taka. Zaidi ya hayo, usiku uliofuata ulikuwa na joto tofauti, hivyo picha 49 za nebula zikabaki bila wenzao wa kuzisahihisha, na kazi ikaanza upya.

Siku hiyohiyo tulibadili jina likawa picha ya kifuniko. Jina hili linaeleza jinsi picha inavyopigwa na linamwambia mwenye kadi kwamba weusi wake umekusudiwa. Kwa mfano huo, picha inayopigwa kuelekea kitambaa cheupe kilichoangazwa sawasawa, ili kusahihisha giza la pembeni na vivuli vya vumbi, iitwe picha ya mwanga sawa. Nayo picha ya nebula yenyewe iitwe picha ya shabaha.

Baada ya kutabakisha, picha huonekana karibu nyeusi yote, kwa sababu tofauti za nuru ya nebula zimebanana katika sehemu ndogo kabisa ya kipimo. Hatua inayofuata huzipanua tofauti hizo hadi jicho lizione. Watu wengi husema kuongeza mwanga. Hapa tunasihi wafasiri waliepuke neno hilo, maana hakuna nuru inayoongezwa. Kilichokunjamana kinakunjuliwa tu, kama mkeka. Tunapendekeza kukunjua.

7. Rangi: za kweli au za uongo?

Swali zito kuliko yote liliulizwa picha ilipokamilika. Nebula ilikuwa nyekundu, imetanda, na vibonge vyeusi vikionekana kwa mbali. Mwanafunzi mmoja alikwenda kuchungulia kwenye darubini ndogo ya shule akaona utusitusi wa kijivu tu. Alirudi akasema kwamba picha imedanganya.

Jibu ni kwamba jicho la mwanadamu halitambui rangi katika nuru hafifu. Kamera iliyongoja zaidi ya saa moja na nusu inaweza. Wekundu ule upo. Lakini ziko picha nyingine ambazo nuru ya kila elementi hupigwa peke yake na kupangiwa rangi kwa makusudi. Picha maarufu ya darubini ya Hubble ya mwaka 1995, inayoonyesha nguzo za gesi, ilipangiwa nyekundu kwa salfa, kijani kwa haidrojeni na buluu kwa oksijeni, ili mtaalamu azitofautishe.

Rangi za namna hii huitwa na baadhi ya wafasiri rangi bandia. Tunashauri jina hilo liachwe. Katika nchi ambayo wananchi huonywa kila siku juu ya dawa bandia na noti bandia, neno hili ni shtaka. Zisemwe rangi za kupangiwa, na kila picha ielezwe ni rangi gani imepangiwa nini, kama ramani inavyoeleza kwamba buluu ni maji. Vivyo hivyo rangi za haidrojeni zisiitwe rangi halisi bila maelezo, maana msomaji atategemea kuziona kwa macho yake, na asipoziona atajiona ametapeliwa. Zisemwe rangi za nuru yenyewe.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Nebula: mkusanyiko mkubwa wa gesi na vumbi baina ya nyota.

Nebula itoayo nuru: nebula ambayo gesi yake hung'aa yenyewe kwa kuchochewa na mionzi ya nyota zenye joto kali.

Nebula iakisiyo nuru: nebula ambayo vumbi lake hurudisha nuru ya nyota jirani.

Nebula izibayo nuru: nebula ambayo vumbi lake huficha nuru ya vitu vilivyo nyuma yake.

Muda wa kupokea nuru: kipindi ambacho kihisi au filamu huachwa ikikusanya nuru kwa picha moja.

Kifuatanyota: chombo kinachoigeuza kamera au darubini kufuata mwendo wa nyota.

Picha ya shabaha: picha ya kitu chenyewe kinachokusudiwa.

Picha ya kifuniko: picha inayopigwa lenzi ikiwa imefunikwa, ili kupata kasoro za kihisi.

Picha ya mwanga sawa: picha ya eneo lililoangazwa sawasawa, ili kusahihisha giza la pembeni na vivuli vya vumbi.

Chenga: doa-doa zisizo sehemu ya kitu kilichopigwa picha.

Kuchakata: kupitisha picha katika hatua zote za kompyuta.

Kutabakisha: kulinganisha picha nyingi za kitu kimoja na kuzifanya moja kwa kutafuta wastani wake.

Kukunjua: kupanua tofauti za nuru zilizobanana ili zionekane.

Rangi za kupangiwa: rangi zilizochaguliwa kuwakilisha nuru za aina mbalimbali.

9. Tamati

Tukiitazama orodha hii tunaona kwamba ni jina la kitu chenyewe tu, nebula, lililokopwa. Majina ya kazi karibu yote yametoka katika vinywa vya watu na shughuli zao: mpunga, studio, jiko, mkeka. Sababu yake ni nyepesi. Kitu kilicho mbali kwa miaka ya nuru 6,500 hakikuwa na jina kwetu, lakini kuchuja, kufunika, kufuata na kukunjua ni kazi za mikono, nazo mikono yetu imezifanya siku zote.

Funzo la pili ni kwamba istilahi ya maagizo haitoshi kupimwa mezani. Apewe mtu asiyejua lugha ya asili ya maandishi, asome, atende, naye mfasiri akae kando bila kusema neno. Mahali atakapokosea, neno lichunguzwe kabla ya mtu. Sisi tungalifanya hivyo hata kwa jioni moja kabla ya safari, picha zile 20 zisingalifutwa.

Usiku wa mwisho wanafunzi walifuata kurasa zilizosahihishwa tangu mwanzo hadi mwisho, nasi hatukuulizwa swali hata moja. Tunawaomba walimu na wafasiri wa mikoa mingine wazijaribu istilahi hizi na kutuandikia pale zitakapowashinda, hasa wale wenye neno bora kuliko kutabakisha, ambalo bado halijaturidhisha sana.